Jino la mtoto likigandana na taya, haraka ya kung'oa huondoka na mfupa

Jino la mbele la mtoto linapong'oka kwa ajali, mzazi huona hasara mbili papo hapo: maumivu na pengo. Ipo hasara ya tatu ambayo huja polepole, na mara nyingi hujitokeza mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati ajali yenyewe imeshasahaulika. Jino lililorudishwa mahali pake, likashika na kuonekana limepona, linaanza kuwa fupi kuliko wenzake. Miezi inavyopita linaonekana kama linapanda kuingia kwenye fizi.

Kwa kweli halipandi popote. Limesimama pale pale liliposhikana na mfupa, huku taya na meno ya jirani yakiendelea kukua na kuliacha. Madaktari wa meno huiita hali hii ankilosisi, yaani mzizi wa jino kugandana na mfupa wa taya. Mtu mzima anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kusumbuka. Kwa mtoto anayekua, tatizo huongezeka kila mwaka, na uamuzi wa mapema ndio unaoamua kama atakapofika utu uzima atakuwa na mfupa wa kutosha kuwekewa jino jipya.

Familia zinazofanya biashara kati ya nchi mbili zina sababu ya pekee ya kuijua habari hii. Tiba yake ni ya miaka mingi, na daktari wa leo anahitaji kujua mwenzake aliona nini mwaka jana, hata kama mwenzake yuko ng'ambo ya mpaka. Aidha, hatua yenye manufaa makubwa kuliko zote ni ile inayochukuliwa ndani ya saa moja baada ya mtoto kuumia, akiwa bado sokoni, shuleni au kandokando ya barabara.

Jino halijapigiliwa kwenye taya

Wengi hudhani kwamba jino limekaa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Ukweli ni kwamba mzizi haugusi mfupa moja kwa moja. Kati yao kuna tabaka la nyuzi lenye unene wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita, sawa na karatasi mbili za daftari. Nyuzi hizo ndizo zinazolishika jino, zinazopunguza mshindo wa kutafuna, na zinazoliwezesha kusogea pamoja na taya linalokua. Pia zinautenga mzizi na seli za mfupa.

Jino linapong'oka lote, au linapogongwa kwa nguvu likazama ndani ya taya, nyuzi hizo huvunjwa au kukauka. Zikifa sehemu kubwa, hakuna tena kinachoutenga mzizi na mfupa. Mfupa unasogea na kushikana na mzizi.

Mfupa wa binadamu hauachi kujijenga upya. Kuna seli zinazokula mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya. Mzizi uliogandana na mfupa huingizwa kwenye kazi hiyo: unaliwa kidogo kidogo na nafasi yake inachukuliwa na mfupa. Kwa mtu mzima kazi hiyo huenda taratibu na jino linaweza kudumu miaka kumi au zaidi. Kwa mtoto, ambaye mifupa yake hujijenga kwa kasi, mzizi unaweza kuisha ndani ya miaka michache, kisha sehemu inayoonekana mdomoni ikavunjika na kuanguka.

Meno yanayoumia zaidi ni yale mawili ya mbele ya juu, ambayo huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8. Huo ndio umri wa kukimbia, kucheza mpira, kujifunza baiskeli na kupakiwa kwenye bodaboda. Mtoto anayeumia akiwa na miaka 9 ana miaka mingine karibu kumi ya kukua mbele yake, na miaka yote hiyo jino lililogandana litabaki lilipo.

Dalili ambazo mzazi anaweza kuziona

Kwa kawaida mtoto hasikii maumivu, na hiyo ndiyo sababu wengi huchelewa kufika kliniki. Dalili ya kwanza nyumbani ni urefu: ukingo wa chini wa jino lililoumia hauko tena sawa na wa jino la jirani. Baadaye meno ya pande zote mbili huanza kuliegemea, na mstari wa katikati ya meno ya juu unaweza kuhamia upande mmoja.

Kliniki, daktari huligonga jino taratibu kwa mpini wa kifaa. Jino zima hutoa mlio mzito. Lililogandana hutoa mlio mkali, kama wa chuma. Halafu hujaribu kulitikisa. Jino zima husogea kidogo sana kwa sababu ya nyuzi zake, lakini lililogandana halisogei kabisa. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha kwamba ule mstari mwembamba mweusi unaozunguka mzizi umetoweka, ingawa mwanzoni picha huweza kuonekana ya kawaida. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Kinachohitajika ni kulinganisha picha za nyakati tofauti.

Kuna kosa ambalo huongeza gharama bila faida, nalo ni kumfunga mtoto nyaya za kunyoosha meno ili kulivuta jino lililobaki nyuma. Jino lililogandana halivutiki. Ni sawa na kuvuta kamba ya mashua iliyofungwa kwenye mti: kitakachosogea ni mashua. Meno mazima ya jirani ndiyo yatakayovutwa kuelekea kwenye jino bovu. Daktari anayetaka kufunga nyaya kwa mtoto aliyewahi kuumia mdomo anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba jino lile bado linaweza kusogea.

Kwa nini lising'olewe tu

Jino lisilofaa, kwa mawazo ya wengi, ni la kung'oa. Hapa ndipo mtoto anapoweza kupoteza zaidi ya alichopoteza kwenye ajali. Jino lililogandana haliteleziki kutoka kwenye tundu lake kama jino la kawaida. Ili litoke, daktari hulazimika kukata mfupa unaolizunguka. Mfupa wa mbele wa taya la juu ni mwembamba, na mara nyingi huvunjika au huondoka pamoja na mzizi. Baada ya hapo ukingo wa taya husinyaa na kubaki bonde.

Mtoto huyo akifika utu uzima na kutaka jino la kudumu la bandia, huambiwa hakuna mfupa wa kulishikilia. Atahitaji kwanza upasuaji wa kupandikiza mfupa, kisha asubiri, kisha ndipo jino liwekwe. Kwa lugha ya sokoni, mfupa ndio mtaji wake. Ukishaliwa wote utotoni, kuurudisha ni ghali.

Kuliacha jino bila kufanya lolote nako kuna hasara. Kadiri linavyozidi kubaki nyuma, mfupa wa sehemu hiyo nao haukui kwenda chini pamoja na taya lote. Kwa hiyo kazi ya daktari ni kuchagua wakati.

Wataalamu hupima jino limebaki nyuma kwa kiasi gani likilinganishwa na urefu wa taji la jino la jirani, yaani ile sehemu inayoonekana mdomoni. Likiwa limebaki nyuma chini ya moja ya nane, tatizo huhesabiwa kuwa dogo. Likizidi robo, ni kubwa. Mtoto aliyegundulika mapema hupimwa takriban kila miezi sita, na lengo ni kuchukua hatua kabla au mara tu robo inapofikiwa. Mtoto aliye chini ya miaka 10, au ambaye bado hajaanza kurefuka kwa kasi ya kubalehe, ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi.

Kukata taji na kuuacha mzizi

Mwaka 1984 madaktari wa Sweden, akiwemo Barbro Malmgren, walieleza njia ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi kwa watoto wenye tatizo hili. Badala ya kung'oa jino lote, daktari huondoa taji peke yake na kuuacha mzizi ndani ya mfupa.

Mtoto huchomwa sindano ya ganzi. Daktari hufunua fizi kidogo, hukata taji, kisha hupunguza kichwa cha mzizi hadi kiwe chini ya ukingo wa mfupa. Kama mzizi ulikuwa umewahi kutibiwa na kuzibwa, dawa ya kuzibia huondolewa yote. Tundu la mzizi huachwa lijae damu, na fizi hushonwa juu yake. Damu hiyo ni sehemu ya tiba, kwa sababu inausaidia mwili kuendelea kuugeuza mzizi kuwa mfupa, kutoka nje na kutoka ndani.

Matokeo yake ni kwamba ukingo wa taya haupotezi unene wake. Zaidi ya hayo, kwa kuwa taji lililokuwa likizuia halipo tena, mfupa mpya huweza kujengeka juu ya mzizi wakati meno ya jirani yakiendelea kushuka. Baada ya miaka kadhaa mzizi huwa haupo, na mahali pake pana mfupa wa mtoto mwenyewe.

Pengo halihitaji kubaki wazi. Mara nyingi taji lile lile lililokatwa husafishwa, huchongwa na kugundishwa kwenye meno ya jirani, ili mtoto arudi shuleni akiwa na jino lake. Njia nyingine ni jino la bandia la kuvaa na kuvua, ambalo hubadilishwa kadiri mdomo unavyokua.

Skrubu isiwekwe mapema

Mzazi mwenye uwezo anaweza kushawishika kumlipia mtoto wake jino la kupandikizwa, lile linaloshikiliwa na skrubu ya titani ndani ya mfupa. Teknolojia hiyo ilitokana na kazi ya Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyegundua kwamba mfupa hushikana moja kwa moja na titani, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wake wa kwanza.

Lakini skrubu iliyoshikana na mfupa haina nyuzi kama za jino la asili. Ndani ya taya la mtoto itafanya kile kile kinachofanywa na jino lililogandana: itabaki ilipo wakati meno mengine yanashuka. Fedha zitakuwa zimelipwa ili kununua upya tatizo lile lile. Kwa sababu hiyo madaktari husubiri hadi ukuaji wa uso umalizike. Wasichana humaliza mapema kuliko wavulana, na kwa wavulana wengi hali hiyo hufikiwa baada ya miaka 20.

Ipo njia moja ya kumpa mtoto jino linalokua naye. Daktari huhamisha jino changa la pembeni, moja ya yale yanayokaa mbele ya magego, na kulipanda mahali pa jino la mbele lililoondolewa. Jino hilo huenda na nyuzi zake, likashika na kuendelea kushuka pamoja na taya. Baadaye huchongwa na kuongezewa umbo ili lifanane na la mbele. Umri mzuri ni karibu miaka 10 hadi 12, wakati mzizi wa jino linalohamishwa haujamaliza kujengeka. Upasuaji huo unahitaji mkono wa bingwa, na si kila mtoto ana jino linaloweza kutolewa bila kuharibu mpangilio wa mengine. Kwa baadhi ya watoto, wataalamu wa kunyoosha meno huweza kuliziba pengo kwa kusogeza meno ya pembeni.

Magego ya utotoni yanayozama

Ankilosisi haitokani na ajali peke yake. Huyapata pia magego ya utotoni, hasa ya taya la chini, bila mtoto kuumia popote. Mzazi huona gego limezama katikati ya mengine, akadhani limesagika kwa pipi.

Hapa swali la kwanza la daktari ni kama chini yake kuna jino la kudumu linalokuja. Eksirei ndiyo inayojibu. Likiwepo, mara nyingi gego hilo hung'oka lenyewe, ingawa huweza kuchelewa miezi kadhaa kuliko kawaida, na kinachotakiwa ni kulifuatilia. Likizama sana na meno ya jirani yakaanza kulilalia, huondolewa, na kifaa maalumu hufungwa ili nafasi ya jino linalokuja isizibwe. Kama jino la kudumu halipo kabisa, gego lenye mizizi mizima huweza kuongezewa urefu kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino na kutumika kwa miaka mingi. Kuling'oa kabla ya picha ni kubahatisha.

Saa moja ya kwanza

Tiba zote hizo ni za kupunguza hasara iliyokwisha kutokea. Nyuzi za mzizi huokolewa katika dakika za mwanzo, na anayeweza kuziokoa ni mtu aliye karibu: mama wa kibandani, mwalimu, kondakta au dereva.

Miongozo ya kimataifa ya majeraha ya meno, iliyohuishwa mwaka 2020, inataka jino la kudumu lirudishwe kwenye tundu lake papo hapo. Lishikwe kwenye taji, mzizi usiguswe. Likiwa na uchafu, lisuuzwe taratibu kwa maziwa, maji ya chumvi ya hospitali au mate ya mtoto mwenyewe. Lisisuguliwe kwa kitambaa wala kukwanguliwa. Lirudishwe kwenye tundu, mtoto aling'ate kwa leso safi, na safari ya kwenda kliniki ianze.

Isipowezekana kulirudisha, liwekwe kwenye maziwa ya kawaida yasiyoganda. Mtindi, au mala kama unavyoitwa Kenya, haufai kwa sababu ya uchachu wake. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe na jino liwekwe humo. Maji si mahali pazuri pa kulihifadhi, ingawa ni afadhali kuliko kukauka. Kulifunga kwenye karatasi na kulitia mfukoni ndiko kunakoua nyuzi. Likikaa nje limekauka kwa saa moja, nyuzi zake huhesabiwa kuwa zimekufa.

Hata hivyo, jino lililochelewa lisitupwe. Madaktari wanaweza kulirudisha wakijua kwamba litagandana, kwa sababu litashika nafasi na kutunza mfupa kwa miaka ya mwanzo, hadi utakapofika wakati wa kukata taji. Jino la utotoni liking'oka, halirudishwi, kwa kuwa linaweza kuumiza jino la kudumu lililo chini yake. Kliniki, jino lililorudishwa hufungwa kwa waya mwepesi kwa takriban wiki mbili, mzizi uliokomaa hutibiwa ndani ya muda huo, na daktari huangalia kama chanjo ya pepopunda ya mtoto haijapitwa na wakati.

Faili livuke mpaka pamoja na mtoto

Kwa anayeishi Namanga, Arusha iko karibu kuliko Nairobi. Kwa anayeishi Taveta, Moshi iko karibu kuliko Mombasa. Jino lililong'oka haliangalii bendera, na kliniki ya karibu inaweza kuwa ng'ambo. Mzazi anayejua mapema ni kliniki ipi ina daktari wa meno, hati gani mtoto anahitaji kuvukia, na kama bima yake inalipa upande wa pili, hatapoteza saa hiyo moja kwa kuuliza.

Tatizo kubwa zaidi huja baadaye. Mtoto huanza tiba mji mmoja, familia ikahama na biashara, na daktari mpya huanza upya bila kujua chochote. Kila kliniki itoe nakala ya picha za eksirei na barua yenye mambo manne: tarehe ya ajali, muda ambao jino lilikaa nje ya mdomo, lilihifadhiwa kwenye nini, na lilitibiwaje. Barua ya Bujumbura au Goma huweza kuwa ya Kifaransa na ya Kampala ikawa ya Kiingereza, lakini picha na tarehe husomeka kokote. Mzazi naye anaweza kupiga picha za meno kwa simu kila baada ya miezi sita, mtoto akiwa ameuma meno na kuinua mdomo wa juu, mwanga na umbali ukiwa ule ule. Picha hizo humwonyesha daktari kasi ambayo jino linabaki nyuma.

Mtoto anayeachwa kwa bibi au shule ya bweni wakati mzazi yuko safarini aachiwe namba ya simu na ruhusa ya maandishi ya kutibiwa. Na mtu yeyote atakayeambiwa kwamba jino lililogandana litang'olewa aulize maswali matatu kabla ya sindano ya ganzi: mtoto amebakiza miaka mingapi ya kukua, mfupa wa mahali hapo utatunzwaje, na je, taji linaweza kukatwa mzizi ukabaki? Daktari akiona hawezi kufanya hivyo, amwandikie barua ya rufaa kwenda kwa bingwa wa meno ya watoto au hospitali ya kufundishia, kama zile za Muhimbili, Nairobi na Makerere ambako madaktari wa meno husomeshwa. Jino lililokaa kwenye taya miezi mingi bila maumivu linaweza kusubiri wiki mbili zaidi hadi bingwa alione.